Mwongozo Kamili: Kulielewa na Kulitumia Neno "Rubber" la Kiingereza Bila Kuumbuka

Chukua sentensi hii: "He left his rubbers at the door." Nimewapa watu wengi waitafsiri, na majibu huja ya aina tatu. Wa kwanza huandika kwamba jamaa aliacha vifutio vyake mlangoni. Wa pili huandika kwamba aliacha raba zake mlangoni. Wa tatu hucheka kwanza, kisha hukataa kuandika anachokifikiria. Wote watatu wamekosa.

Hawa si watu wasiojua Kiingereza. Wengi wana kamusi, tena wameifungua. Kosa lao ni kulitafuta neno likiwa peke yake. Maana ya "rubber" haikai ndani ya neno lenyewe, inakaa pembeni: kwenye "a" au "the" iliyotangulia, kwenye "s" ya mwisho, kwenye nomino inayofuata, na kwenye nchi ya anayezungumza. Hatua nane zilizo hapa chini ni za kukuzoesha kutazama pembeni. Zifuate kwa mpangilio, kwa sababu kila hatua inapunguza maana zilizobaki.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Sentensi nzima. Ikiwezekana, na ile iliyotangulia na inayofuata. Ukiletewa neno moja tu kwenye simu, "eti rubber ni nini?", usijibu. Omba sentensi.
- Jibu la swali hili: anayesema au aliyeandika ni wa wapi? Mwingereza, Mmarekani, au mtu aliyejifunza Kiingereza cha mmojawapo?
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza lugha. Hizi huweka alama ndogo, C kwa nomino inayohesabika na U kwa isiyohesabika, pamoja na BrE kwa Kiingereza cha Uingereza na AmE kwa cha Marekani. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili itakupa "mpira, raba" na kukuacha hapohapo.
- Njia ya kutafuta picha kwenye intaneti.
- Karatasi na penseli, kwa jaribio la mwisho.

Kamusi ya visawe usiifungue kwanza. Tutaihitaji hatua ya 6, na hata hapo kwa tahadhari.

## Hatua ya 1: Anza na "mpira" unaoujua

Andika sentensi hizi nne kwenye karatasi yako:

Mpira umeisha sare.
Vuta mpira huku tumwagilie maua.
Soli yake ni ya mpira.
Mpira wa nyuma umepata pancha.

Hakuna aliyekuamulia maana, lakini hukubabaika hata mara moja. Wa kwanza ni mchezo, wa pili ni bomba la maji, wa tatu ni malighafi, wa nne ni tairi. Sasa pigia mstari neno lililokuambia hivyo: "sare", "tumwagilie", "soli", "pancha". Kazi hiyo uliyoifanya bila kufikiri ndiyo utakayoifanya kwa "rubber", ila kwa Kiingereza alama zenyewe ni ndogo zaidi na ni rahisi kuzipita.

Onyo: familia ya "mpira" na familia ya "rubber" zinakutana hasa kwenye malighafi. Kwingine mara nyingi kila moja ina njia yake. Mpira wa kuchezea ni "ball". Mpira wa maji ni "hose". Na raba, zile za kuvaa miguuni, ndizo zinazowaangusha wengi. Mtu anaandika "I bought new rubbers for the gym" akidhani ametaja viatu. Mwingereza anasoma kwamba amenunua vifutio vya kwenda navyo mazoezini. Mmarekani anasoma kwamba amenunua kondomu za kwenda nazo mazoezini. Viatu hivyo ni "trainers" kwa Mwingereza na "sneakers" kwa Mmarekani. Vile vyepesi vya turubai vyenye soli nyembamba Mwingereza huviita "plimsolls".

Utajua hatua imefaulu pale utakapoweza kuonyesha kwa kidole neno lililokupa maana ya kila sentensi. Kama unasema "nimejua tu", rudia.

## Hatua ya 2: Tazama kilichotangulia na kilichofuata

Hii ndiyo hatua nzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Kiswahili hakina "a" wala "the", kwa hiyo macho yetu huzipita kama makapi. Kwa neno hili, makapi ndiyo chakula.

Linganisha hizi mbili:

"There is rubber on the track."
"There is a rubber on the track."

Ya kwanza anaisema mtangazaji wa mbio za magari. Matairi yamechubuka, mpira umeganda kwenye lami. Ya pili inasema kuna kitu kimoja kimeanguka njiani, na ukitaka kujua ni kitu gani lazima kwanza umuulize msemaji anatoka wapi. Herufi moja imehamisha maana kutoka kwenye malighafi hadi kwenye kitu cha kushikika.

Pitisha neno lako kwenye milango hii, moja baada ya nyingine.

Halina "a", halina "the", halina "s". Ni malighafi: mpira kama mpira. "The soles are made of rubber." Kamusi yako itakuwa imeweka alama ya U. Hapa tafsiri ni "mpira" na umemaliza, isipokuwa kama ni msemo wa hatua ya 5.

Linafuatwa na nomino nyingine. "Rubber gloves", "rubber band", "rubber boots", "rubber dinghy". Hapa limegeuka kuwa mfano wa kivumishi: glavu za mpira, mpira wa kufungia vitu, mabuti ya mpira, boti ya mpira ya kujazwa upepo. Kwa kawaida ni salama, isipokuwa michezo ya hatua ya 4 na misemo ya hatua ya 5. Na jozi moja inayochanganya: "rubber tree" ndio mti unaogemwa utomvu, Hevea brasiliensis, wakati "rubber plant" ni lile ua la majani mapana yanayong'aa linalowekwa sebuleni, Ficus elastica. Ukitafsiri makala ya kutunza maua ya ndani ukaandika "mti wa mpira", msomaji atashangaa anaambiwa aweke shamba zima sebuleni.

Lina "a", "my", "your", "this". Ni kitu kimoja kinachohesabika. Simama hapo. Usitafsiri lolote mpaka upite hatua ya 3.

Lina "the". Inaweza kuwa malighafi iliyokwisha kutajwa, inaweza kuwa mchezo, inaweza kuwa tairi kwenye msemo. Nenda hatua ya 4 na ya 5.

Lina "s". Ni vitu vingi: vifutio, kondomu, viatu vya kuvalia juu ya viatu, au vifuniko vya bati (kibao cha kupigia) la mpira wa meza. Nchi na mazingira ndiyo yataamua.

Kitenzi nacho kinasaidia. Wapo waliokwama kwenye "The rubber has perished" kwa sababu "perish" wanaijua kama kuangamia. Kwa mpira, "perish" ni kuchakaa kwa umri, jua na joto: unakauka, unapasukapasuka, unapoteza mnyumbuko. Ukikiona kitenzi hicho karibu, ujue ni malighafi, na andika "mpira umechakaa".

Hatua imefaulu kama unaweza kufunika neno "rubber" kwa kidole, ukasoma yaliyobaki, na kusema ni mlango upi kati ya hiyo mitano.

## Hatua ya 3: Uliza msemaji ni wa wapi

Darasani Uingereza, mtoto anasema "Can I borrow your rubber?" na mwenzake anampa kifutio. Hakuna anayegeuka. Sentensi hiyohiyo akiisema mwanafunzi mgeni kwenye darasa la Marekani, chumba kizima kinageuka, kwa sababu kule "a rubber" katika mazungumzo ya kawaida ni kondomu. Kifutio Wamarekani wanakiita "eraser", basi.

Mgawanyo ni huu. Uingereza, Ireland, India, Australia, New Zealand na nchi nyingi zilizorithi Kiingereza cha Uingereza, zetu zikiwemo, husema "rubber" kwa kifutio. Marekani husema "eraser". Usidhani kwamba Mwingereza haijui maana ya pili. Anaijua vizuri, ila darasani akili yake haiendi huko.

Ushauri wangu hauna kona: ukiwa wewe ndiye unayesema au kuandika, tumia "eraser" kila mahali. Mwingereza atakuelewa bila shida, Mmarekani hatacheka. Maana ya "rubber" kama kifutio ibaki kwenye masikio yako, si kwenye mdomo wako. Najua wapo watakaosema ndicho Kiingereza walichofundishwa shuleni. Kweli, na si kosa. Lakini kati ya neno lililo salama kote na neno lililo salama nusu ya dunia, sioni sababu ya kuchagua la pili.

Kifutio cha ubao ni "board rubber" kwa Mwingereza hata kama hakina mpira ndani yake, ni kipande cha mbao na kitambaa kizito tu. Jina linatokana na kazi ya kusugua. Hata mpira wenyewe uliitwa "rubber" kwa sababu ulisugua na kufuta penseli, jambo ambalo Joseph Priestley aliliandika mwaka 1770. Kwa hiyo kifutio si maana iliyodandia baadaye. Ndiyo iliyolipa neno jina.

Onyo la jirani: kitenzi "rub out". Kwa Mwingereza ni kufuta kwa kifutio. Kwa lugha ya mitaani ya Marekani, hasa ya majambazi wa kwenye filamu, ni kuua. "Rub it out" shuleni ni "futa". "Rub him out" ni jambo la polisi. Mmarekani akitaka kufuta husema "erase".

Sasa turudi kwenye ile sentensi ya mwanzo, ya "rubbers" zilizoachwa mlangoni. Nilipokuwa bado mchanga kwenye kazi ya kutafsiri, nilipewa hadithi ya Kimarekani. Mvua inanyesha, mzee anaingia ndani, anavua "rubbers" na kuziacha kizingitini. Nikaandika "akavua raba zake". Kurasa mbili mbele, mzee yuleyule ameketi anafuta vumbi kwenye ncha ya kiatu chake cha ngozi, bado amekivaa. Mhariri alilizungushia duara jekundu neno langu na kuandika pembeni: "Alivaa viatu juu ya viatu?" Alikuwa ananikebehi. Lakini hilo ndilo lilikuwa jibu lenyewe. Ndiyo, alivaa viatu juu ya viatu.

"Rubbers" kwa Kiingereza cha Marekani, hasa cha watu wazima na cha vitabu vya zamani kidogo, ni viatu vya mpira vinavyovalishwa juu ya viatu vya ngozi ili visilowe. Mwingereza huviita "galoshes" au "overshoes". Kiswahili hakina neno moja la kitu hiki, kwa hiyo usilazimishe. Andika "viatu vya mpira vya kuvalia juu ya viatu", na mara ya pili sema "vile viatu vya juu". Ishara zake ni mvua, theluji, matope, mlango, kuvaa na kuvua. Ukiona mbili kati ya hizo pamoja na "rubbers", weka pesa yako hapo.

Hatua imefaulu ukiweza kutoa maana mbili za "a rubber" na tatu za "rubbers" na kusema ni nani anayetumia ipi.

## Hatua ya 4: Angalia kama ni habari ya michezo

Kwenye michezo "rubber" inaweza isihusiane na mpira wa aina yoyote. Kamusi nyingi hata hulitenga kama neno la pili linaloandikwa sawa na la kwanza.

Kwenye karata za bridge, "a rubber" ni mfululizo wa michezo ambapo upande unaotangulia kushinda miwili ndio unaochukua. Kwenye tenisi ya kombe la Davis, nchi mbili zikikutana pambano zima huitwa "tie", na kila mechi ndani yake huitwa "rubber". Kutoka hapo likaja "dead rubber": mechi inayochezwa wakati mshindi wa pambano ameshajulikana. Watangazaji wa kriketi na soka nao wamelichukua. Sisi tunalo neno lililokomaa kabisa: mechi ya kukamilisha ratiba. Nimewahi kuona limetafsiriwa "mpira uliokufa", na hiyo kwa msomaji wa kurasa za michezo ni kona au faulo, si hilo.

Angalia sasa mtego. Mmarekani anasema "rubber match" au "rubber game". Ukidhani ni ndugu wa "dead rubber" umepotea, maana hii ni kinyume chake: timu zimeshinda moja moja, na hii ndiyo ya kuamua. Kwa hiyo "dead rubber" haina uzito wowote, na "rubber match" ndiyo yenye uzito wote.

Maana mbili za mwisho zinarudi kwenye mpira wa kweli. Kwenye besiboli "the rubber" ni kibao cheupe cha mpira, inchi 24 kwa 6, ambacho mrushaji lazima akikanyage anaporusha. Na kwenye mpira wa meza "rubber" ni ile ngozi ya mpira inayobandikwa pande mbili za bati, upande mmoja mweusi na wa pili rangi inayong'aa. Wachezaji wa mchezo huo hununua "rubbers" mchana kweupe bila kumshtua mtu.

## Hatua ya 5: Itambue misemo kabla hujaitafsiri

Msemo ukiutafsiri neno kwa neno unakufa mikononi mwako. Dalili ya kwanza kwamba umekutana na msemo ni hii: sentensi haihusu kitu chochote cha mpira, lakini neno limo.

"To rubber-stamp". Kama nomino, "rubber stamp" ni muhuri wa kawaida wa ofisini. Kama kitenzi, chenye kistari katikati, ni kupitisha jambo bila kulihoji. "A rubber-stamp parliament" ni bunge la ndiyo mzee. Usiandike "bunge la muhuri wa mpira", msomaji atadhani ni idara.

"Where the rubber meets the road". Mpira hapa ni tairi. Ni pale mipango inapokutana na kazi yenyewe. Kwetu: hapo ndipo mbivu na mbichi zinapojulikana.

"To burn rubber". Kuondoka kwa kasi, matairi yakilia. "Aliondoka mbio" inatosha. Kama hadithi ina mzaha, "alitimua vumbi".

"To rubberneck". Kugeuza shingo kutazama ajali ambayo haikuhusu, gari likienda taratibu na foleni ikijaa nyuma. Kukodolea macho. Shingo ndiyo inayofananishwa na mpira.

"A rubber check". Hundi inayorudishwa na benki kwa kuwa akaunti haina pesa. Inadunda, kama mpira. Mwingereza akiitaja huandika "cheque".

"Rubbery". Kwa nyama au pweza aliyepikwa vibaya ni kutafunika kama mpira, meno yanadunda. Kwa miguu ni kulegea, magoti hayana nguvu. "My legs went rubbery" ni "miguu ikaniishia nguvu".

Onyo: misemo hii mingi ina rangi ya Marekani na ya mazungumzo. Barua ya kuomba kazi haihitaji "burn rubber".

Utajua umefaulu kama unaweza kuiondoa "rubber" kwenye tafsiri yako kabisa na maana ibaki nzima. Kwenye misemo, neno "mpira" lisipoonekana ndiyo dalili njema.

## Hatua ya 6: Chagua kisawe kinachofaa

Sasa fungua kamusi ya visawe. Chini ya "rubber" utakuta orodha yenye "eraser", "latex", "galosh", "condom", na mara nyingine maneno ya ajabu kama "arctic", "gumshoe" na "safe". Haya si visawe vya kila mmoja na mwenzake. Ni visawe vya maana tofauti vilivyotupwa kwenye kapu moja. "Arctic" hapo ni kiatu cha theluji. "Safe" ni jina la kizamani la kondomu. "Gumshoe" leo ni mpelelezi. Atakayechota tu kwenye kapu hilo atakuja na "I lent him my arctic" akidhani amesema kifutio.

Kanuni: amua maana kwanza kwa hatua ya 2 hadi ya 5, ndipo utafute kisawe cha maana hiyo tu.

Kwa kifutio tumeshamaliza: "eraser". Kwa kondomu, sema "condom". Ndilo neno la hospitali, la dukani na la watu wazima, na halina utata nchi yoyote. Kwa mpira wa kufungia vitu, "rubber band" inaeleweka kote, Mwingereza pia husema "elastic band". Kwa mabuti, Mwingereza anasema "wellingtons" au "wellies", Mmarekani "rubber boots" au "rain boots", na New Zealand, Australia na Afrika Kusini wanasema "gumboots". Hili la mwisho unalijua bila kujua kwamba unalijua: ndilo baba wa gambuti. Kwa magari sema "tyres", au "tires" ukimwandikia Mmarekani. "Rubber" waachie watangazaji wa mbio.

"Elastic" inastahili tahadhari. Ni lastiki, ile ya kiunoni mwa nguo. Inavutika, ndiyo, lakini soli ya kiatu haiwezi kuwa ya "elastic".

"Latex" ndiyo ninayoikazia zaidi, kwa sababu hapa kosa haliishii kwenye aibu. Latex ya asili ni utomvu mweupe wa mti wa mpira. Rubber ni neno pana: kuna mpira wa asili, na kuna mpira wa viwandani unaotengenezwa kwa kemikali zitokanazo na mafuta ghafi. Kuna watu ambao miili yao inaikataa latex ya asili, ngozi inavimba na wengine hushindwa kupumua. Kwa mtu huyo "rubber gloves" ni taarifa pungufu, kwa kuwa glavu za mpira zinaweza kuwa na latex au zisiwe nayo. Glavu za nitrile, kwa mfano, ni mpira wa viwandani usio na latex ya asili. Ukitafsiri maelezo ya kitabibu, usibadilishane "rubber" na "latex" kwa ajili ya kupamba sentensi. Acha "lateksi" iwe lateksi, na "mpira" uwe mpira.

Hatua imefaulu ukiweza kuweka kisawe chako kwenye sentensi ya asili bila sentensi hiyo kugeuka kichekesho. Kama bado una shaka, tafuta picha, lakini kwa maneno mawili: "rubber overshoes", "table tennis rubber". Ukitafuta neno moja utaletewa kila kitu.

## Hatua ya 7: Zoeza sikio

Mwandikiwa ana herufi, msikilizaji hana. Kiswahili kina irabu tano, kwa hiyo "rubber" tunaisikia "raba". Shida ni kwamba Mmarekani akisema "robber", yaani mnyang'anyi, nalo linatufikia kama "raaba". Mwingereza hana shida hii, "robber" yake inasikika "roba".

Tofauti ya Mmarekani iko hivi: kwa "robber" taya linashuka, mdomo unafunguka na sauti inarefuka. Kwa "rubber" sauti ni fupi na mdomo haufunguki sana, kama mtu anayeguna kidogo. Tafuta kamusi yenye sauti, sikiliza "rubber" na "robber" kwa Kimarekani mara kumi kumi, kisha mwambie mtu akuchezeshee bila wewe kuangalia. Ukipata nane kati ya kumi inatosha. Mazungumzo yenyewe yatakusaidia kwa mbili zilizobaki, maana mnyang'anyi na kifutio ni nadra kugombania sentensi moja.

## Hatua ya 8: Jipime

Tafsiri hizi kwenye karatasi kabla ya kusoma majibu.

1. "The rubber on these wipers has perished."
2. "The committee refused to be a rubber stamp."
3. "With both teams already through, tonight is a dead rubber."
4. "He stepped off the rubber and looked at first base."
5. "Put your rubbers on, it's pouring."
6. "I need new rubbers for my bat."
7. "Can anyone lend me a rubber?"

Majibu. Ya 1: mpira wa waipa hizi umechakaa. Ya 2: kamati ilikataa kupitisha mambo kwa ndiyo mzee. Ya 3: timu zote zimeshafuzu, mechi ya leo usiku ni ya kukamilisha ratiba. Ya 4: besiboli, aliondoa mguu kwenye kibao cha mrushaji akatazama kituo cha kwanza. Ya 5: vaa viatu vyako vya juu, mvua ni kubwa. Umeona mvua, umeona kuvaa, hapakuwa na haja ya kubahatisha. Ya 6: nahitaji mipira mipya ya kubandika kwenye bati langu la mpira wa meza.

Ya 7, kama umeandika "kifutio" bila kuuliza lolote, rudi hatua ya 3. Kama umeacha nafasi na kuandika pembeni "anayeomba ni wa wapi?", funga daftari.